Ng'ombe Hakuandikwa Kwenye Daftari

Daftari la shangazi yangu ni lile la shule, lenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada. Hulibeba kila anapokwenda kutibiwa, amelifunga kwenye pindo la kitenge. Ukurasa wa kwanza umeandikwa kwa kalamu ya bluu: homa, kichwa, viungo. Chini yake: MRDT, yaani kipimo cha haraka cha malaria, hasi. Chini yake tena: dawa mseto ya malaria. Ukurasa wa pili, wiki tatu baadaye, kwa mwandiko mwingine: homa, uchovu, Widal chanya, dawa ya taifodi. Ukurasa wa tatu una mwandiko wa mtu wa tatu: homa za usiku, mgongo, UTI, vidonge. Watu watatu waliandika humo, na sioni dalili kwamba yupo aliyerudi nyuma ukurasa mmoja kusoma mwenzake alisema nini.

Shangazi anaishi Rungwe, upande wa juu wa Tukuyu, kwenye migomba na chai, ambako jioni ya mwezi Juni hutoki nje bila koti. Ana ng'ombe wa maziwa. Kwa zaidi ya miezi miwili homa ilimjia usiku ikamlowesha jasho hadi shuka, asubuhi ikamwachia nafuu ya kwenda kukata majani, na jioni ikarudi.

Mtu wa nne kumwona alikuwa tabibu aliyekaribia kustaafu. Nilimsindikiza mwenyewe, kwa hiyo hili nililiona kwa macho yangu. Tabibu alimwamkia shikamoo, akapekua daftari lote kuanzia mwanzo, kisha akalifunga na kuliweka pembeni. "Mama, hebu nisimulie. Anzia siku ile ya mwisho uliyokuwa mzima kabisa." Akanyamaza.

Shangazi alinitazama mimi kwanza, kama anayeomba ruhusa. Halafu akasema: "Mara ya mwisho kuwa mzima, baba, ni kabla ng'ombe wangu hajatupa mimba."

Tabibu hakusema neno. Shangazi akaendelea. Ndama alitoka amekufa, kondo la nyuma likakwama, bwana mifugo alikuwa mbali, akalivuta mwenyewe kwa mikono mitupu. Wiki kama tatu zikapita, mifupa ikaanza kuuma. Yote hayo hayakuzidi dakika mbili. Damu ikachukuliwa, majibu yakarudi bruselosi, ugonjwa wa bakteria unaotoka kwa mifugo, akaanzishiwa dawa za wiki sita, na homa ikaondoka.

Nimefundisha wanafunzi wa utabibu hapa Mbeya kwa miaka kadhaa, na tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza swali moja. Yule mzee alifanya nini ambacho wenzake watatu hawakufanya? Jibu la haraka ni kwamba ana uzoefu. Lakini uzoefu si maelezo. Mmoja wa wale watatu naye amekaa kazini zaidi ya miaka ishirini. Kuna kitu kinachofanyika ndani ya kichwa cha tabibu wakati mgonjwa anaongea. Kitu hicho kimechunguzwa kwa miongo kadhaa, na sisi tunaofundisha hatukifundishi ipasavyo.

Mwaka 1978 Arthur Elstein na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, Marekani, walichapisha utafiti uliobadilisha uwanja huu. Walitaka kujua madaktari mahiri wanafikiri tofauti gani na wengine. Wakakuta jambo ambalo halikutarajiwa: karibu wote, mahiri na wasio mahiri, huanza kukisia ugonjwa mapema mno, pengine mgonjwa hajamaliza hata malalamiko yake ya kwanza. Tena umahiri haukuhama. Daktari aliyefanya vizuri kwa mgonjwa mmoja aliweza kufanya vibaya kwa mgonjwa wa tatizo jingine. Kilichotofautisha watu ni ujuzi wa tatizo lenyewe, na ubora wa yale waliyoyakisia. Kwa maneno mengine, hakuna ufunguo mmoja wa kufikiri vizuri unaofungua kila mlango.

Kutoka hapo likazaliwa fundisho ambalo hata mimi nililirithi na kulirithisha: tengeneza dhana mapema, kisha uliza maswali ya kuithibitisha au kuiangusha. Wodini linafaa. Mgonjwa ameshachujwa, ana faili, ana picha ya kifua, ana barua ya rufaa. Mambo yanayowezekana yamepungua hadi matano au sita.

Mtafiti wa tiba ya familia, Norbert Donner-Banzhoff wa Chuo Kikuu cha Marburg, Ujerumani, ndiye aliyenifumbua macho kuhusu zahanati. Mwaka 2014, yeye na mwanasaikolojia Ralph Hertwig walitoa hoja kwamba mlangoni mwa huduma, pale mgonjwa anapoingia kwa mara ya kwanza, uwanja wa mambo yanayowezekana ni mpana mno kuanza na dhana. Ukianza na dhana utachimba pale uliposimama. Wakapendekeza kwamba tabibu mzuri wa ngazi hiyo huanza kwa kumfuata mgonjwa, kama mnyama anayetafuta malisho: haamui mapema majani yako wapi, anakwenda yanakomwongoza, na anapofika penye kitu ndipo anasimama na kula. Mgonjwa ndiye anayejua sehemu za maisha yake zilizoharibika, kwa hiyo yeye ndiye aanze kuongoza. Tabibu akisikia jambo lenye uzito, anauliza maswali machache ya mazoea kuhusu jambo hilo tu. Dhana rasmi, na vipimo vya kuijaribu, huja mwishoni.

Sisi hatuhitaji mfano wa mnyama. Aliyewahi kwenda kuokota uyoga kwenye miombo ya Iringa baada ya mvua za kwanza analijua hili. Mama anayejua uyoga hachagui mti mmoja akiwa bado nyumbani akaenda kuuchimbua. Anaingia porini polepole, anaangalia majani yaliyooza, kichuguu, unyevu. Anakuwa na mtoto wa eneo hilo anayemwambia jana palikuwa na uyoga wapi, naye anamfuata. Shangazi yangu alikuwa mtoto wa eneo lake. Watu watatu waliingia porini naye na hakuna aliyemwuliza njia.

Wale watatu walimwuliza maswali, tena mengi. Una homa? Ndiyo. Kichwa kinauma? Ndiyo. Unaharisha? Hapana. Mkojo unachoma? Kidogo. Shangazi alijibu kila swali kwa ukweli, na ukweli wote ule haukuwa na ng'ombe ndani yake, kwa sababu hakuna swali la ndiyo na hapana lenye nafasi ya ng'ombe. Mtu wa kwetu, hasa mwanamke wa umri wake, hawezi kumkatiza mtaalamu na kusema subiri, nina jambo. Adabu inamzuia. Atajibu alichoulizwa, ataaga, ataondoka.

Lugha nayo ina mtego wake. Kiswahili kinatuambia "homa" na neno hilo linabeba mambo mawili: joto la mwili, na ugonjwa wenyewe. Katika nyumba nyingi mtu akisema ana homa, anayemsikia anaelewa malaria. Mgonjwa anataja dalili, tabibu anasikia jibu. Ndiyo maana mwanafunzi wangu akiandika "homa" nataka aandike pia inakuja saa ngapi, inaondoka vipi, tangu lini, na mgonjwa mwenyewe anaiita nini kwa Kinyakyusa, Kisafwa, Kihehe au Kibena anapoongea na mama yake. Vijana wengi wanaopangiwa vituo vya huku wanatoka mikoa mingine. Mwuguzi au mhudumu wa hapo anayejua lugha ya wenyeji ni chombo cha utambuzi, sawa na darubini ya maabara.

Halafu kuna suala la mahali. Panda Coaster Uyole, pita Igawilo, vuka Isyonje kwenye ukungu, shuka Kiwira, Tukuyu, Ushirika, hadi Kyela kwenye joto la Ziwa Nyasa. Umevaa sweta asubuhi na mchana umelivua. Homa uliyoiona Isyonje na homa utakayoiona Kyela ni homa mbili tofauti, hata kama kipimajoto kinasoma namba moja. Kyela malaria iko jirani daima. Njombe na Iringa ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo kabisa nchini. Kwa upande mwingine, utafiti wa kitaifa wa VVU wa 2022/2023 uliikuta Njombe ikiongoza kwa asilimia 12.7 ya watu wazima, Iringa asilimia 11.1, Mbeya 9.6, wakati wastani wa Tanzania ulikuwa 4.4. Tabibu wa Makete, mkoani Njombe, anayekutana na mtu aliyekonda, mwenye homa ya mwezi mzima, akaanza na malaria kwa sababu ndivyo alivyozoea Pwani, ameleta ramani ya nchi nyingine. Isipokuwa, bila shaka, kama mgonjwa huyo ametoka kuvuna mpunga Kyela wiki mbili zilizopita. Na hilo nalo hulijui mpaka asimulie.

Jambo hili linagusa hata namna ya kusoma kipimo. Chukua mfano wa kukadiria tu. Watu 1,000 wenye homa katika kijiji cha juu, 10 kati yao wana malaria kweli. Kipimo chako ni kizuri, kinakosea kwa watu 5 tu katika kila 100 wasio na ugonjwa. Watu 990 hawana malaria, na kati yao karibu 50 watatoka chanya. Kwa hiyo chanya zako ni 60 hivi, na wenye ugonjwa kweli ni 10. Kipimo kilekile ukikipeleka kijiji ambacho nusu ya wenye homa wana malaria, chanya yake utaiamini. Kipimo hakijabadilika. Kilichobadilika ni kile ulichopaswa kukijua kabla hujatoboa kidole.

Widal ni mbaya zaidi. Kipimo hiki kilitoka Ufaransa mwaka 1896, na kinatafuta askari wa mwili dhidi ya vimelea vya taifodi. Askari hao hubaki kwenye damu muda mrefu baada ya maambukizi ya zamani, na wanaweza kuitikia vimelea vya jamii ya karibu. Kipimo kimoja, siku moja, kwa mtu anayeishi mahali ambapo taifodi ipo, hakisemi mengi. Lakini sote tunajua jinsi Widal inavyosomwa madirishani mwetu. Watu wanatoka nayo mkononi kama hukumu. "Nimekutwa na malaria na taifodi." Nimesikia sentensi hiyo Soweto, Mwanjelwa, Mafinga, Makambako, hata kwa watu niliowafundisha.

Tunao ushahidi wa hapa nchini wa gharama ya kufikiri hivi. Kati ya 2007 na 2008 watafiti waliwafuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili za Moshi. Madaktari waliwaandikia malaria 528. Vipimo makini vilipofanyika, malaria ilikuwa chanzo cha homa kwa watu 14. Watu 118 walikutwa na magonjwa ya bakteria yanayotoka kwa wanyama, 16 kati yao bruselosi. Na kuna jambo moja linaloniuma kuliko namba zote hizo: hakuna hata mgonjwa mmoja ambaye daktari aliyempokea alikuwa ameandika ugonjwa wa aina hiyo miongoni mwa anayoyafikiria. Hata mmoja. Watu wa Kilimanjaro wanafuga, kama sisi. 

Najua kinachosemwa vyumba vya walimu ninapoyasema haya. Muda hautoshi. Foleni imefika barabarani, tabibu yuko peke yake, mwingine yuko likizo ya uzazi, na wewe unataka watu wasimulie habari za ndama. Sikatai, foleni nimezikalia. Lakini mwaka 2002 madaktari wa Basel, Uswisi, walipima muda ambao mgonjwa huongea mwenyewe iwapo hakatizwi. Wagonjwa walikuwa 335. Wastani ulikuwa sekunde 92, na karibu wanane katika kila kumi walikuwa wamemaliza ndani ya dakika mbili. Basel si Rungwe, na mgonjwa wa huko hana haja ya kuuliza kwanza watoto wa tabibu wanaendeleaje. Tuseme kwetu ni dakika tatu. Shangazi alikaa kwenye foleni mara tatu, akamaliza dozi tatu zisizo zake, akachukua nafasi za wagonjwa wengine watatu. Dakika tatu za mara ya kwanza zingekuwa nafuu kwa foleni yenyewe.

Yako pia mambo ambayo masimulizi hayaruhusiwi kuyachelewesha. Mtoto asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila kitu, mwenye degedege, aliyelegea hataki kuamka: hapo hakuna cha kufuata malisho, unakimbia na mwongozo ulio ukutani. Miongozo hiyo imeokoa watoto wetu wengi na sitaki mwanafunzi yeyote aidharau. Ninachokipinga ni kumfanya mtu mzima wa homa ya miezi miwili apite kwenye tundu lilelile.

Tunafundishaje, basi? Hapa sina budi kuanza na kosa langu. Kwa miaka mingi mafunzo yangu bora niliyatoa kwenye raundi ya hospitali kubwa. Tunasimama kitandani, mwanafunzi anasoma historia, mimi nauliza sababu sita za ini kuvimba, anataja tano, naongeza ya sita. Inaonekana ni elimu. Kumbe mgonjwa yule jibu lake liko tayari kwenye faili, na mwanafunzi anajifunza kutembea kinyumenyume kutoka kwenye jibu hadi kwenye dalili. Hakuna aliyemwona mgonjwa akiingia mlangoni hajui ana nini. Hakunisikia hata mimi nikisema sijui. Tunamtoa chuoni, tunampeleka zahanati ya kata ambako kila mgonjwa anaingia hivyo, tunashangaa anapokimbilia vipimo vitatu.

Siku hizi ninafanya hivi. Nawachukua wanafunzi wanne hadi wagonjwa wa nje, mmoja anakaa na mgonjwa, hana ruhusa ya kuuliza swali la ndiyo na hapana mpaka mgonjwa anyamaze mwenyewe mara mbili. Wengine wanaandika. Mgonjwa akishatoka kwenda maabara, naomba kila mmoja aseme alikuwa anafikiria nini baada ya sentensi ya kwanza, nini baada ya ya tatu, na ni neno lipi lililombadilisha. Mwanzoni wanaona aibu. Mmoja aliniambia, "Mwalimu, nilishaamua ni vidonda vya tumbo kabla hajakaa." Nilimshukuru mbele ya wenzake, maana alikuwa ameiona akili yake ikifanya kazi, na akili usiyoiona huwezi kuirekebisha. Kisha nasema na mimi nilichokuwa nafikiria, pamoja na pale nilipopotea.

Wapo wataalamu wanaodhani dawa ni kuwafundisha vijana orodha ya makosa ya akili: kung'ang'ania wazo la kwanza, kuona unachokitarajia, na mengine. Geoffrey Norman wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, amekuwa akisisitiza kwa muda mrefu kwamba kuijua orodha hiyo hakupunguzi makosa kiasi tunachotumaini. Kinachokosekana mara nyingi ni ujuzi wenyewe. Niko upande wake. Kijana anayejua kwamba akili hung'ang'ania wazo la kwanza, lakini hajui bruselosi inavyoanza, bado hatamsaidia shangazi. Anahitaji magonjwa ya Rungwe kichwani mwake, kila moja likiwa na sura: linamkamata nani, baada ya tukio gani, linakwendaje mwezi wa kwanza na wa pili.

Na sura hizo hazijengeki bila kitu ambacho mfumo wetu unakikata kila siku, yaani majibu kurudi. Tabibu wa zahanati anaandika rufaa, mgonjwa anapanda bodaboda, habari zinaishia hapo. Alipatia au alikosea, haambiwi. Anaweza kukaa miaka ishirini akirudia kosa moja huku akilihesabu kuwa uzoefu. Mgonjwa asiyepona naye anahamia zahanati nyingine au duka la dawa, na yule wa kwanza anabaki akiamini dozi yake ilifanya kazi kwa kuwa hajamwona tena. Kama ningepewa nafasi ya kubadili jambo moja katika mafunzo ya utabibu Nyanda za Juu Kusini, ningeagiza kila hospitali ya rufaa iandike mistari miwili kurudi kwa aliyempeleka mgonjwa: tulimkuta na hiki, tulikitambua kwa njia hii. Simu zipo. Karatasi zipo.

Kwa shangazi kazi hiyo niliifanya mimi. Yeye mwenyewe ndiye aliyenituma; alisema yule kijana wa ukurasa wa kwanza alikuwa mpole kwake, na si vema akae bila kujua. Nilimkuta amebaki na wagonjwa wawili, nikasubiri, nikaingia na daftari. Alisoma kurasa zote nne akiwa amesimama. Hakujitetea. Alikaa, akavuta rejesta ya mwezi ule, akashusha kidole hadi kwenye jina la shangazi, akakiacha hapo.

"Alikuwa na ng'ombe?" akauliza.

Nikamwambia ndiyo, na kwamba ng'ombe huyo alitupa mimba wiki tatu kabla ya homa. Akachukua kalamu, akaandika pembeni mwa mstari ule kwa herufi ndogo. Kisha akafungua rejesta ya mwezi huu, akaanza kupitia majina ya wenye homa mmoja mmoja, akiniuliza ni nani kati yao ninayejua kwao wanafuga.